Mashine ya Nyumbani Katika Karakana: Kupima Uimara na Utumikaji wa Msumeno wa Nakshi, Kibuli, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kupima uimara na utumikaji wa msumeno mdogo wa umeme wa kukatia nakshi, ule uliobuniwa kwa ajili ya mtu anayefanya useremala nyumbani kwa kujifurahisha, pale unapoingizwa katika shule na karakana za mjini. Eneo la mfano ni Kibuli, Kampala. Hoja inayotetewa ni kwamba takwimu zinazochapishwa kwenye sanduku la mashine hazisemi lolote kuhusu uimara mpaka mnunuzi ataje kwanza saa za kazi, umeme utakaotumika, mbao zitakazokatwa na mahali vipuri vitakapopatikana. Makala yanamalizia kwa masharti yanayoweza kuingizwa katika nyaraka za zabuni.

1. Utangulizi

Kilima cha Kibuli, katika Tarafa ya Makindye, kinajulikana zaidi kwa msikiti wake uliojengwa katika ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, kwa shule na hospitali zilizouzunguka msikiti huo, na kwa chuo cha mafunzo ya polisi. Kwa mtafiti wa zana, hata hivyo, kuna sababu nyingine ya kukitazama. Upande mmoja kimepakana na Nsambya, ambako maseremala huanika vitanda na makochi kando ya barabara; mwendo mfupi kuelekea magharibi ipo Katwe, maarufu kwa mafundi wa chuma; na chini yake upo ukanda wa viwanda. Mashine iliyoharibika Kibuli haiko mbali na mikono inayoweza kuitengeneza. Kama chombo fulani hakiwezi kudumu hapa, ni vigumu kuona kitakavyodumu Moroto au Kisoro.

Suala hili si la nadharia tu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutekelezwa nchini Uganda mwaka 2020 unataka mwanafunzi atengeneze vitu kwa mikono yake, na somo la Teknolojia na Usanifu linahitaji zana. Shule yenye fedha kidogo huvutwa na mashine ndogo, nyepesi na ya bei nafuu, inayokaa juu ya meza na isiyotisha kama msumeno wa duara. Msumeno wa nakshi una sifa hizo zote. Bledi yake ni nyembamba, inapanda na kushuka mahali pamoja, na ni miongoni mwa misumeno ya umeme ambayo mwalimu anaweza kumkabidhi kijana wa miaka kumi na minne bila kukosa usingizi. Swali ni kama mashine hiyo itakuwa bado inafanya kazi muhula wa tatu.

2. Kuhusu jina

Chombo hiki hakijapata jina lililokubalika katika Kiswahili. Mafundi wengi hutumia neno moja la mkopo kwa misumeno miwili tofauti kabisa: ule wa kushikwa mkononi ambao bledi yake imeshikwa upande mmoja tu, na huu wa mezani ambao bledi yake imekazwa juu na chini kama uzi wa zeze. Mkanganyiko huo una gharama, kwa kuwa karatasi ya maombi inayosema tu “msumeno wa umeme wa kukata mviringo” huweza kujibiwa kwa chombo kisichohitajika. Makala haya yanatumia *msumeno wa nakshi*, kwa kuwa neno *nakshi* limekwisha kuzoeleka pwani kwa milango ya Lamu na Unguja, na kwa sababu kazi ya kutoboa mbao kwa mapambo ina historia katika ukanda huu. Baraza za mbao za Zahanati ya Kale mjini Zanzibar, jengo lililoanzishwa na Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19, ni ushahidi ulio mbele ya macho ya kila mpita njia.

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima mwezi Julai 2022, mjadala mwingi umehusu walimu na vitabu vya kiada. Vijitabu vya mashine vimesahauliwa. Mwanafunzi anayesoma onyo la usalama kwa Kijerumani au kwa Kiingereza kibovu kilichotafsiriwa na kompyuta hajaonywa.

3. Saa za kazi

Mashine ya daraja la nyumbani kwa kawaida hupiga mapigo 400 hadi 1,600 kwa dakika, ikiwa na mota ya wati 90 hadi 125 na koo la milimita 400 hivi. (Koo hapa ni umbali kutoka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma, ndio unaoamua ukubwa wa ubao unaoweza kuzungushwa.) Takwimu hizi hufanana sana kutoka kampuni hadi kampuni, na mara nyingi mashine zenye rangi na majina tofauti huwa na umbo lilelile la ndani. Kuzilinganisha kwa wati ni kupoteza muda.

Kipimo chenye maana ni idadi ya mapigo ambayo viungo vitapokea. Tuchukulie mashine inakwenda kwa mapigo 1,400 kwa dakika. Hayo ni mapigo 84,000 kwa saa. Mtu anayekata vinyago vya wajukuu wake huko Ulaya saa mbili kila wiki atakuwa ameiendesha saa 104 kwa mwaka, yaani mapigo yanayokaribia milioni 9. Tuihamishe mashine hiyohiyo kwenye karakana inayokata saa tano kwa siku, siku sita kwa wiki: saa 104 zinakwisha kabla ya wiki ya nne kumalizika. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akipewa nusu saa kwa wiki, linatumia saa 20 kwa wiki. Muhula wa wiki 12 ni saa 240, sawa na zaidi ya miaka miwili ya mwenye mashine wa nyumbani. Kwa hiyo msomaji wa tathmini inayosema kwamba mashine fulani “imedumu miaka mitano bila tatizo” anapaswa kuuliza miaka hiyo ni saa ngapi. Huenda ni mihula miwili ya Kibuli. Dhamana nyingi za zana za daraja hili hujiondoa zenyewe mashine inapotumika kibiashara, na kampuni hazifanyi hivyo kwa uchoyo: zinajua hesabu hii.

Mahali uchovu huo unapotua hutegemea muundo. Ipo mitatu. Katika wa kwanza, mikono miwili mirefu, mmoja juu na mmoja chini ya meza, hucheza kwa pamoja kutoka nguzo ya nyuma. Ni muundo rahisi kuutengeneza, viungo vyake ni vichache, lakini chuma kizito kinachopanda na kushuka husababisha mtetemo. Katika wa pili, mkono ni mmoja wenye umbo la herufi C unaocheza juu ya egemeo moja. Bledi hufuata tao badala ya mstari, hukata haraka kwenye mbao nene, na hukosea kwenye kona kali. Wa tatu hauchezeshi mikono kabisa. Ndani ya mikono iliyotulia kuna fito zinazosogea mbele na nyuma, na viungo vifupi vya mbele ndivyo vinavyoinua bledi. DeWalt DW788, yenye uzito wa kilo 25 hivi, ni ya aina hii ya tatu, na utulivu wake umeipa sifa; lakini viungo vyake ni vingi zaidi, na kila kiungo ni beringi inayosubiri vumbi. Mwandishi anauona muundo wa kwanza, ukiwa na vichaka vya shaba kwenye egemeo, kuwa ndio unaofaa zaidi shule za Uganda, ijapokuwa watumiaji wengi wa nchi tajiri wangeuweka nyuma ya ule wa tatu. Utulivu unaweza kuongezwa kwa kufunga mashine kwa bolti kwenye meza nzito ya mvule. Beringi ndogo isiyopatikana haiongezwi kwa chochote.

4. Umeme

Umeme wa Uganda ni volti 240 na hezi 50. Mashine nyingi zinazosifiwa kwenye vitabu vya ufundi zimetengenezwa kwa soko la Marekani la volti 120 na hezi 60, na ndugu walioko ughaibuni huzituma kwa nia njema. Transfoma ya kupunguza volti hutatua nusu ya tatizo. Mota isiyo na brashi, inayofuata masafa ya umeme, iliyozoea kuzunguka mara 1,725 kwa dakika huko itazunguka kama 1,440 hapa, na mbaya zaidi, kwa volti 120 katika hezi 50 sumaku ya ndani yake hubebeshwa mzigo ulioongezeka kwa asilimia 20, hivyo mota hupata joto hata isipokata kitu. Kwa mota ya namna hiyo transfoma inayotoa volti 100 ni salama kuliko ya 120. Mota yenye brashi za kaboni haijali masafa, na kwa sababu hiyo husafiri vizuri zaidi.

Tatizo la pili ni kidhibiti mwendo. Mashine za bei nafuu huwa na kibao kidogo cha elektroniki cha kubadilisha idadi ya mapigo, na kibao hicho ndicho huungua kwanza umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kuchomoa plagi kila umeme unapokatika ni tabia isiyogharimu chochote. Kizuia msukosuko cha volti hugharimu kidogo. Mashine ya kasi moja au mbili inayobadilishwa kwa mkanda na puli haina kibao cha kuungua, na inadharauliwa bila sababu.

5. Vipuri, au somo la cherehani

Ukitaka kuelewa uimara katika Afrika Mashariki, acha misumeno kwanza, utazame cherehani. Muundo wa Singer 15 ulinakiliwa na viwanda vya Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha China na India, kiasi kwamba fundi wa barazani anaweza kununua shato, bobini au sindano bila kutaja kampuni. Cherehani ya miguu inadumu miaka hamsini kwa sababu kila sehemu inayochakaa ina ndugu yake sokoni. Chuma chake ni kizuri, ndiyo, lakini chuma kizuri bila sindano ni jiwe.

Msumeno wa nakshi una bahati nusu. Urefu wa bledi umesawazishwa kimataifa kuwa inchi 5, yaani milimita 127 hivi, ingawa ncha zake ni za aina mbili, jambo tutakalolirudia. Beringi zikiwa za vipimo vya kawaida, mathalani 608 au mfululizo wa 6200 unaotumika pia katika pikipiki, duka lolote la spea za bodaboda linatosha. Kichaka cha shaba kinaweza kuchongwa upya kwa mashine ya kukerezea. Brashi ya kaboni iliyozidi ukubwa inaweza kusuguliwa kwa tupa hadi ikae. Sehemu zinazoua mashine ni zile za plastiki zenye umbo la pekee: gia ya kitundu cha mota, kibano cha bledi, na wenzo wa kukazia. Kibano ndicho hasa. Kinafunguliwa na kufungwa maelfu ya mara, uzi wa skrubu yake huliwa, na kampuni iliyokitengeneza inaweza kuwa imekwisha kubadili umbo.

Ufaransa ilianza tarehe 1 Januari 2021 kulazimisha baadhi ya bidhaa, zikiwemo simu, mashine za kufulia na za kukatia nyasi, kuonyesha alama ya urahisi wa kutengenezeka. Misumeno haimo katika orodha hiyo. Hata hivyo wazo lenyewe linahamishika kwa urahisi: kabla ya kununua, fungua kifuniko cha nyuma, soma namba za beringi, na uhesabu sehemu ambazo fundi wa Katwe asingeweza kuziiga. Kazi hiyo haizidi nusu saa na haihitaji maabara.

6. Utumikaji

Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11 kinaueleza utumikaji kwa mambo matatu, yaani kufanikisha lengo, kulifanikisha kwa gharama ndogo ya nguvu na muda, na kuridhika kwa mtumiaji, vyote *katika mazingira yaliyotajwa*. Maneno haya ya mwisho ndiyo hupuuzwa. Mazingira ya Kibuli yana kazi zake, na ni afadhali kuchukua moja kuliko kuzungumza kwa ujumla.

Tuseme fundi anataka kukata bamba la mbao lenye maandishi ya Kiarabu yaliyotobolewa, au ubavu wa marfaa ya kuwekea msahafu. Kila tundu la ndani linahitaji kutobolewa kwa keekee, bledi ifunguliwe juu, ipitishwe, ifungwe, ikazwe, ndipo ikate. Bamba lenye matundu 40 lina mizunguko 40 ya namna hiyo. Mashine inayohitaji ufunguo na dakika mbili kwa kila mzunguko inakula dakika 80 kabla hata ya kukata. Ile yenye wenzo mbele na kibano cha kidole, sekunde 20 kwa mzunguko, inakula dakika 13 hivi. Hapa ndipo palipo utumikaji halisi, na hakuna sanduku linalouandika.

Kisha kuna nukta. Bledi zenye pini, ambazo mashine nyingi za bei ya chini huzikubali peke yake, haziwezi kupita katika tundu dogo kuliko milimita 4 au 5, kwa sababu pini ya ncha ni pana. Nukta ya herufi *ba* kwenye bamba la kawaida inaweza kuwa na upana wa milimita 6: tundu la kupitishia bledi linaimaliza yote, na nukta inatoka duara badala ya mraba uliosimama kwa pembe. Bledi isiyo na pini hupita kwenye tundu la milimita 1 au 2. Kwa kazi ya aina hii mashine isiyokubali bledi zisizo na pini haitumiki kabisa, hata iwe imara kama reli. Kwa anayekata herufi kubwa na wanyama wa kuchezea wa shule za chekechea, pini ni baraka: mtoto huitundika bledi bila kuikosea. Majibu mawili kinyume, kwa chombo kimoja, kilima kimoja.

Majaribio ya dukani yanajulikana na mafundi. Simamisha sarafu ya shilingi 500 kwa ukingo wake juu ya meza na uwashe mashine. Ikianguka mara moja, mtetemo ni mkubwa, ingawa mtu asisahau kwamba meza ya duka ni kaunta ya kioo na mashine haikufungwa. Shika kibano cha juu na ukisukume kushoto na kulia: kikicheza kikiwa kipya, baada ya mwezi kitapiga kelele. Kata mfereji mfupi kwenye kipande cha mbao nene, zungusha kipande hicho upande wa nyuma wa bledi, na uone kama mfereji unaipokea bledi bila kugusa. Usipoipokea, meza haiko nyuzi 90. Jaribio la nne halifanywi dukani. Mpe mtu mfupi na mtu mwenye miwani waikalie saa nzima, kisha uwaulize kuhusu shingo.

Wapo watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa watengeneza mabango wa Kampala hukata herufi kwa mashine za leza zinazoongozwa na kompyuta. Ni kweli kwa akriliki na mbao nyembamba za kiwandani. Lakini leza huacha ukingo mweusi kwenye mbao za asili, hugharimu mara nyingi zaidi, na haimfundishi kijana mwelekeo wa nyuzi za ubao.

7. Mbao zenyewe

Mvule, fahari ya useremala wa Buganda, huwa na vijiwe vya kalisi kabonati ndani ya ubao, visivyoonekana mpaka bledi ivigonge. Bledi nyembamba hupoteza meno papo hapo. Musizi ni laini na hukatika kwa urahisi. Msonobari wa mashamba una utomvu unaoziba meno. Gharama ya bledi, kwa hiyo, haiwezi kukadiriwa bila kutaja ubao, na kwa karakana inayokata mvule inaweza kwa muda si mrefu kuipita bei ya mashine. Njia moja ya kupunguza gharama hiyo haijulikani inavyostahili. Pigo la bledi ni milimita 20 hivi. Ubao wa milimita 12 hutumia milimita 32 tu za meno, na sehemu nyingine hutupwa ikiwa mpya. Ukiweka kibao cha milimita 20 juu ya meza ya mashine na kukata juu yake, unatumia meno ambayo hayajaguswa.

Vumbi la mvule huwasha ngozi na koo, na vumbi la mbao kwa jumla liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Kipulizo kidogo cha msumeno wa nakshi hupuliza vumbi kutoka kwenye mstari wa kukatia na kulielekeza, kwa usanifu usio na huruma, kuelekea pua ya anayekata. Barakoa na dirisha lililo wazi si mapambo ya karatasi ya ukaguzi.

8. Masharti ya zabuni

Ununuzi wa umma nchini Uganda unaongozwa na sheria ya mwaka 2003 na marekebisho yake, na afisa wa ununuzi aliyeandikiwa “msumeno wa nakshi, 1” hana budi kuchukua wa bei ya chini anaokidhi maneno hayo matatu. Mzigo wa kusema zaidi uko kwa mwalimu na mshauri wa sera. Waraka utaje saa za matumizi kwa wiki, na umtake muuzaji atamke kwa maandishi kwamba dhamana inafunika matumizi ya shule kwa saa hizo. Utaje volti 240, hezi 50. Utake bledi za aina zote mbili zikubalike, namba za beringi zionyeshwe, na vibano viwili vya akiba na jozi mbili za brashi viwemo ndani ya sanduku, kwa sababu vitu hivyo vikiagizwa baadaye havifiki. Bledi ziwekwe kama mstari wake wa bajeti, za mwaka mzima, tofauti na mashine. Mashine ipokelewe baada ya kukata matundu kumi ya ndani mbele ya kamati, kwenye ubao ambao shule yenyewe itautumia, na malipo ya mwisho yasubiri siku hiyo.